Kazi ya Mtu Haiguswi

Mke wangu alifariki akiwa ameacha jagi lisilo na kishikio. Mengine yote aliyamaliza, maana hakuwa mtu wa viporo. Nguo zake alizigawa mwenyewe wakati bado anaweza kukaa kitandani, funguo za kabati akamkabidhi binti yetu, na mimi akaniachia maagizo ya kila kitu, hata namna ya kubana bomba la jikoni linalovuja. Jagi tu ndilo lililomshinda. Alilitaja hospitalini, sauti yake imeshakuwa nyembamba. "Usiliache likauke hivyo hivyo," alisema. "Litiwe kishikio." Nikamwambia atakwenda kukitia mwenyewe akipona. Hakunijibu, na mimi nikajifanya sijaona kwamba hakunijibu.

Wakati huo nilikuwa nimemshika vidole viwili. Sehemu nyingine yote ya mkono ilikuwa imebandikwa plasta na mpira wa dripu, na nesi alikwisha kunifokea kwa kuutikisa. Kwa hiyo nilishika kidole cha mwisho na cha pete, na kila nilipokwenda kumwona nilishika hivyo hivyo viwili, mpaka nikavizoea kuliko mkono mzima. Alipokata roho nilimwuliza daktari ni nani aliyekosea. Alinitazama kwa upole akasema hakuna aliyekosea, kila mmoja alifanya sehemu yake vizuri. Nilimchukia kwa maneno yale. Mtu akifiwa anataka walau wa kumkunjia ngumi.

Mimi ni fundi cherehani, na ufundi wangu una huruma. Ukikosea mshono unafumua, ukikata pungufu unaunga, na mteja akinenepa bado kuna la kufanya. Udongo sikuwahi kuutamani. Mke wangu alipostaafu ukarani wa posta akajiandikisha darasa la ufinyanzi, nilimcheka waziwazi. Nilimwambia watu wakizeeka hurudia utoto, ila yeye amewahi foleni. Alicheka na yeye, akaondoka na aproni yake kwapani. Jioni alirudi ana udongo kwenye kucha na kwenye nyusi, akala kimya kimya, kama mtu aliyetoka kwenye jambo zuri asilotaka kuligawa. Nilimwonea wivu, nisiseme uongo.

Jagi lenyewe lilitokana na kelele zangu. Jagi letu la plastiki lilikuwa linanuka, au mimi nilidai linanuka, na kila nilipokunywa maji nilikunja uso. Mwisho akachoka. "Basi nitakufinyangia la kwako," alisema, "labda utanyamaza." Akafinyanga mwili, shingo na mdomo. Kabla hajafika kwenye kishikio maumivu yakaanza, na darasani hakurudi tena.

Msiba ulipokwisha na watu wakatawanyika, mwalimu wake alinipigia simu. Alisema vitu vya mama viko kule, niende nikavichukue. Nilikwenda nikiwa na nia ya kuingia na kutoka.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vipuri, chumba kirefu chenye paa la bati na madirisha yaliyotiwa ukungu na vumbi la udongo. Katikati kulikuwa na meza ndefu iliyowambwa turubai, ukutani magurudumu matano ya kufinyangia, na pembeni tanuri la umeme lenye mlango mzito. Karibu na mlango palikuwa na pipa lililojaa tope zito la kijivu. Baadaye niliambiwa ni pipa la marudio: kazi yoyote iliyoharibika kabla ya kuchomwa hutupwa humo, inaloa, inakandwa upya, inakuwa udongo wa mtu mwingine. Na juu ya rafu za kazi za wanafunzi mtu alikuwa ameandika kwa rangi ya buluu, herufi kubwa: KAZI YA MTU HAIGUSWI.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabega ya mpagazi na sauti ya chini, mpaka ukitaka kumsikia umsogelee. Alinipa aproni, kisu kidogo na sponji. Kisha akanyoosha mkono rafu ya chini, akatoa ubao wenye kitu kilichofunikwa mfuko wa nailoni.

"Na hili, Baba," alisema.

Alifunua taratibu. Lilikuwa jagi pana tumboni, jembamba shingoni, lenye mdomo uliobonyezwa kwa kidole kimoja. Rangi yake ilikuwa ya kiza, ya udongo wenye unyevu. Nikauliza kwa nini halijakauka muda wote huo.

"Nalipulizia maji kila nikifunga karakana," alisema. "Aliniomba. Udongo ukiwa hivi tunasema umefika ngozi. Umekaza, unasimama wenyewe, lakini ndani bado una maji. Hapa ndipo unapokubali kishikio. Ukikauka ukawa mweupe, umeshakataa. Ukibandika kishikio kibichi kwenye mwili mkavu, kishikio kinasinyaa, mwili hausinyai tena, panapasuka."

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na mimi miaka yote nilidhani wanazungumzia watoto.

Niliingiza mkono ndani ya jagi. Ukutani mwake kulikuwa na mifereji midogo iliyozunguka kutoka chini mpaka juu, na Mwalimu akaniambia hiyo ni njia ya vidole vya anayefinyanga, vinapopanda huku gurudumu linazunguka. Nikatia kidole changu kwenye mmoja. Hakikuenea, maana vidole vyangu ni vinene na vyake vilikuwa vyembamba. Nililia pale pale. Sikutokwa na machozi kistaarabu, nililia kwa sauti na kamasi, mbele ya mwanamke nisiyemjua. Yeye akasimama tu, ameshika ubao usitikisike.

Nilipotulia nilimwomba akitie hicho kishikio, tumalize mambo.

"Siwezi," alisema. "Nikikitia mimi litakuwa jagi langu na yeye. Alisema lina mwenyewe. Wewe ni fundi, una mikono. Njoo ujifunze."

Nilidhani ni kazi ya somo moja. Kishikio ni nini? Ni utepe uliokunjwa, na mimi nimekunja tepe tangu sijaota ndevu.

Darasani nilikuta watu wawili waliosoma na mke wangu. Mmoja alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye vicheko vya ghafla, ambaye alimwita mke wangu dada na kwa hiyo siku ya kwanza tu akaniita shemeji. Wa pili alikuwa kinyozi, kijana aliyefunga duka lake kila siku ya darasa, mteja alie asilie. Huyo aliniona nimeingia na futi ya kupimia shingoni, kama nilivyozoea, akanipachika jina la Mzee Futi. Sikumkatalia. Nyumbani hakukuwa tena na mtu wa kunitania.

Mwalimu hakuniruhusu hata kugusa kishikio. Alinipa bonge la udongo akasema nilikande. Nililikanda kama unga, akalikata katikati kwa waya, akanionyesha matundu ya hewa ndani. Rudia. Nikarudia, akakata, matundu. Baada ya hapo akaniweka kwenye gurudumu nijifunze kuliweka bonge katikati. Udongo ulinirusha mikono huku na huku, nikatoka nimelowa mpaka magotini. Kinyozi aliniuliza kama nimekuja kufinyanga au kuoga.

"Kwani kishikio kinafinyangwa kwenye gurudumu?" nilimfokea Mwalimu.

"Hapana."

"Sasa unanitesea nini?"

"Unataka kushona kishikio kwenye kitu usichokijua kimetengenezwa vipi?" aliuliza. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ungemruhusu mtu akushonee mkono wa koti bila kujua bega liko wapi?"

Ubaya wa mwalimu mzuri ni kwamba anakupiga kwa fimbo uliyoikata mwenyewe.

Vishikio vilipofika nilijuta kuvitamani. Unashika bonge kwa mkono mmoja, linaning'inia, unalowesha mwingine na kuuvuta udongo kwenda chini, taratibu, kama anayekamua ng'ombe. Ukivuta kwa nguvu unakatika. Ukivuta kwa woga unabaki mnene kama mkia wa kenge. Vya kwangu vilikatika, vikapinda, vikapata kiuno katikati. Nilivitupa pipani kimoja baada ya kingine mpaka Mkunga akasema nimelisha pipa kuliko darasa zima.

Kila siku nilipomaliza nilifunua jagi, nikalipulizia maji kidogo kwa chupa, nikalifunika. Hiyo sasa ilikuwa kazi yangu, Mwalimu alikwisha kunikabidhi. "Kidogo," alinionya, "kama unavyopiga pasi hariri. Maji ndiyo yanayoliweka, na maji ndiyo yanayoliangusha."

Siku moja alinikuta napima shingo ya jagi kwa futi.

"Iache hiyo nyumbani," alisema. "Udongo hupungua ukikauka, na ukiuchoma unapungua tena. Futi itakudanganya."

"Hata pamba hupungua ikifuliwa," nilimjibu. "Naacha akiba, basi."

Akacheka kwa mara ya kwanza. Kisha akauliza, "Unakipima kwa mkono wa nani?"

Sikuelewa.

"Kishikio kinatengenezwa kwa mkono wa atakayemimina. Vidole viingie, kisibane, kisiteleze. Wa nani?"

"Wake," nilisema.

"Atakayemimina ni wewe, Baba."

"Nimesema wake."

Mkono ule niliujua. Nilimshonea nguo tangu tukiwa wachumba, nilijua kifundo chake, upana wa kiganja chake, nilijua pete ilivyomkaa kabla na baada ya kuzaa. Vidole vitatu vyake vingeingia vizuri, cha nne kingekaa chini kubeba uzito. Niliacha na akiba ya kupungua, kama ninavyoacha kwenye pindo la suruali ya mtoto.

Ukaja wakati vishikio vyangu vikaanza kutulia. Havikuwa vizuri, ila vilitulia. Mkunga alikishika kimoja, akakigeuza. "Shemeji, hiki si kibaya. Kwa nini usikitie?" Nikamwambia kina kiuno. Wiki nyingine akashika kingine, nikamwambia ni kinene juu. Nilikuwa na sababu kwa kila kishikio. Ukweli ni kwamba sikutaka jagi liishe. Likiwa bichi chini ya nailoni, lilikuwa kazi ya mtu aliyetoka kidogo na anarudi. Nikishatia kishikio litakauka, litachomwa, na yeye atakuwa amekufa kabisa. Nililijua hilo nikilipulizia maji, na niliendelea kulipulizia.

Aliyenistua ni binti yangu. Alikuwa akiishi mtaa wa pili na kupitia kwangu kila jioni akitoka kazini, ananipikia huku akijifanya amekuja kuomba chumvi. Nilikuwa nikimweleza habari za jagi, kwamba leo limekaa vizuri, kwamba limependeza. Akaweka mwiko chini.

"Baba," alisema, "mama alisema litiwe kishikio. Hakusema ulilee."

Nilikasirika nikamwambia hajui kitu. Akashika mwiko tena, akaendelea kukoroga sufuria. Macho yake yalikuwa mekundu na hakukuwa na kitunguu pale.

Darasa lililofuata nilivuta kishikio nikijua kitakuwa chenyewe. Sijui mtu anajuaje. Udongo ulishuka mkononi bila kunipinga, mpana juu, mwembamba chini, wenye ukingo laini pande zote. Nikakipinda, nikakiweka kwenye ubao kikae mkao wake. Kinyozi akapiga mluzi. Mwalimu alikitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole ndani ya mpindo bila kukigusa.

"Ni hiki," alisema. "Kiache kikaze kidogo. Darasa lijalo unakiunganisha."

"Darasa lijalo nakiunganisha," niliwatangazia wote. Mkunga akapiga vigelegele, mpaka wa duka la vipuri wakachungulia. Nilifunika kishikio kwa nailoni yake, nikakisukuma nyuma kabisa ya rafu, nyuma ya mabakuli ya watu, kisije kikagongwa. Jagi nikalipulizia. Nilihisi baridi mgongoni na kichwa kizito, nikawaza huenda naumwa, na kwa kuwa nilidhani naumwa nililipulizia mara mbili.

Kweli niliumwa. Homa iliniangusha kitandani na darasa likanipita. Binti yangu alihamia kwangu, akalala kwenye kochi. Niliweweseka, anavyosema yeye, na nilichoweweseka si jina la mama yake bali jagi. Litakauka. Nendeni mkaone. Litakuwa jeupe. Yeye alinifuta uso kwa kitambaa na kuniambia nitulie, halitakauka.

Homa ilipoachia nilikuwa dhaifu, lakini siku ya darasa ilipofika nilivaa shati safi. Nilikuwa nimelishona mwenyewe na mke wangu ndiye aliyechagua vifungo. Binti yangu aliomba ruhusa kazini anisindikize. Njiani nilikuwa nikifanya kazi kichwani: chanja mwili pale kitakapokaa, chanja kishikio, paka uji wa udongo, bandika, bonyeza, usitetemeke.

Nililiona kabla sijafunua. Mfuko wa nailoni ulikuwa umelala.

Nilitoa ubao nikauweka mezani. Ndani ya mfuko matone ya maji yalikuwa yamejaa kama jasho, na chini, ubaoni, kulikuwa na dimbwi. Kitako cha jagi kilikuwa kimeyeyuka. Tumbo limekaa chini na kupasuka ubavuni, shingo imeinama, ule mdomo alioubonyeza kwa kidole kimoja umelalia kwenye tope. Nikachungulia ndani. Ile mifereji ya vidole vyake ilikuwa imejaa, hakuna hata mmoja uliobaki.

"Nani kaligusa?" niliuliza.

Nikauliza tena, na safari hii nilipiga meza mpaka visu vikaruka. Nilinyoosha kidole kwenye maandishi ya buluu. "Hamjui kusoma? Nani kaligusa?"

Kinyozi alivua kofia yake. "Mimi, Mzee," alisema. "Siku ile hukuja. Nikasema mzee anaumwa, litamkaukia. Nikapuliza kidogo tu, nikafunika. Sikutaka Mwalimu anione."

Nilimgeukia, na kabla sijafungua mdomo Mkunga akasema, "Na mimi, shemeji. Nilifika mapema, kabla yake. Nilipuliza nikamwombea dua. Sikujua na yeye atafanya."

"Na mimi," Mwalimu alisema. Alikuwa ameegemea tanuri, mikono imening'inia. "Kila nikifunga, tangu ulipokosa darasa. Nilidhani ni mimi tu. Sikulitoa nje nilitazame vizuri, nilinyanyua pembe ya mfuko gizani nikapuliza, kama nilivyozoea wakati mama anaumwa. Mimi ndiye niliyekuonya kuhusu maji. Nisamehe, Baba."

Nilikuwa natafuta neno la kumpiga nalo. Ndipo nikamsikia binti yangu nyuma yangu, mlangoni.

"Baba, na mimi nilikuja." Alikuwa amejikunja kama alipokuwa mdogo akivunja sahani. "Ulikuwa unalilia jagi. Nikapita hapa nikitoka kazini, nikamwambia dada wa duka la vipuri naacha kitu cha baba, akanifungulia. Nililoanisha vizuri ili nisilazimike kurudi tena. Nilitaka nikuambie halijakauka na iwe kweli."

Na mimi, mara mbili, kwa sababu nilihisi baridi mgongoni.

Manahodha wengi chombo huenda mrama, nimeusikia msemo huo tangu utotoni. Lakini hawa hawakugombea usukani. Kila mmoja alijiona yuko peke yake, kila mmoja alivunja sheria kwa siri, kidogo tu, kwa ajili yangu na kwa ajili ya mke wangu. Nilisimama nimekunja ngumi na sina pa kuipeleka. Maneno ya daktari yalinirudia, kila mmoja alifanya sehemu yake vizuri, na safari hii sikuwa na nguvu hata ya kuyachukia. Nilikaa kwenye kiti cha gurudumu, nikaufungua mkono.

Mwalimu alikuja akachuchumaa mbele yangu. Alisema anaweza kukata sehemu ya juu, ajaribu kuokoa shingo, litoke bakuli dogo. Nikamwuliza, bakuli la nini?

Sheria nyingine ya pale haikuandikwa ukutani lakini kila mtu anaijua: kazi iliyoharibika mwenyewe ndiye anayeipeleka pipani. Nilinyanyua ubao. Binti yangu akashika upande wa pili. Tukainamisha. Liliteleza polepole, likatua juu ya tope la wengine, shingo ikabaki juu kidogo, kisha nayo ikazama.

Mkunga alinishika bega. "Usiumie sana, shemeji. Udongo haupotei. Utakandwa, utakuwa vikombe vyetu. Dada yangu atakuwa kwenye vikombe vyetu vyote."

Alisema kwa moyo mweupe, najua. Lakini niliudhika, na nikamwambia. Nilimwambia sikutaka awe kwenye vikombe vya watu. Nilimtaka kwenye jagi langu, mezani kwangu. Alitikisa kichwa akalia, na mimi nikalia, na Kinyozi akaenda kufagia mahali palipokuwa pasafi.

Tulipokuwa tukiondoka Mwalimu aliniita. Alikuwa ameingiza mkono nyuma kabisa ya rafu, nyuma ya mabakuli, akatoa ubao mdogo. Hakuna aliyekipulizia hicho, hakuna aliyekumbuka kwamba kipo. Nailoni ilikuwa imefunuka upande mmoja na kishikio kimekauka taratibu, kikawa cheupe, kizima, bila ufa.

"Nikichome?" aliuliza.

"Peke yake?"

"Peke yake."

Nilifikiri kusema hapana. Kisha nikasema achome.

Alikiweka tanurini katikati ya vikombe vya wenzangu, kikatoka chekundu na kigumu. Alikifunga kwenye gazeti akanipa. Nikamwambia asante, na darasani sijarudi mpaka leo, ingawa futi yangu niliisahau kwenye msumari wao na Kinyozi alituma salamu kwamba inanisubiri.

Jioni ya siku ile aliyonipa nilikifungua mezani. Binti yangu alikuwa akipakua chakula. Nikaingiza vidole kwenye mpindo, kimoja kimoja. Cha tatu kilikataa, kwa kuwa mkono niliokipimia haukuwa wangu. Viliingia viwili tu, cha mwisho na cha pete, na nilipovifunga nilijua nimeshika nini. Nilikaa hivyo hivyo.

Binti yangu aliona. Akachukua jagi la plastiki akanimiminia maji. Yalinuka plastiki, kama kawaida. Nikayanywa kwa mkono wa pili, yote, bila kukunja uso.